Marehemu Aliyepokea Simu

Incheon, 4 Oktoba 2023

Mdogo wangu Gitae,

Mama ameniambia simu yako ilikatwa zamani na hutaki nyingine, basi nimenunua bahasha. Mara ya mwisho kukuandikia kwa mkono ulikuwa jeshini. Mama ataiweka hii kwenye sinia, pembeni ya bakuli la wali, akuachie mlangoni kama anavyofanya siku zote. Usiponijibu nitajua umekula tu.

Sikukuu ya mavuno nilikaa kwenye korido, mgongo wangu kwenye mlango wako, nikakusemesha. Nilisikia unageuka kitandani. Sijui kama ulinisikia, kwa hiyo nayaandika tena: ninaolewa, mwezi Machi. Anaitwa Dohun, ni mhasibu, mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Wazazi wake ni watu wa adabu. Wananiuliza habari za nyumbani, nami nawajibu.

Kazi yangu ni ile ile. Nakaa kwenye kibanda cha kioo na visikilizio masikioni, napigia simu vijana kuanzia wa miaka kumi na tisa hadi thelathini na nne. Nawauliza umri, elimu, kama wameoa au kuolewa, kama wana kazi ya kudumu, wanaishi na nani, nyumba ni ya nani. Nauliza: ukipata shida kubwa, kuna mtu unayeweza kumpigia? Halafu la mwisho: kuanzia sifuri mpaka kumi, kwa jumla unaridhika kiasi gani na maisha yako? Wengi wanasema tano. Wanaitamka haraka haraka, kama wanataja namba ya basi. Wiki iliyopita msichana mmoja aliniomba akate simu akafikirie. Hakupokea tena.

Bosi anasema matokeo yanajulikana kabla hatujamaliza. Mwenye mwenzi, kazi ya kudumu na mtu wa kumpigia, namba inapanda. Asiye navyo inashuka. Basi mimi natarajia kupanda. Na wewe je? Nijibu maswali hayo, nikuweke kwenye hesabu.

Dada yako,
Boram


Taebaek, 19 Oktoba 2023

Dada,

Nilikusikia. Nilisikia unaolewa. Nilisikia pia uliposema "hata usipotoka siku ya harusi, usijali." Sikuweza kujua kama ulikuwa unanihurumia au unashusha pumzi.

Majibu yako haya. Umri, ishirini na minane. Elimu, chuo ambacho mtu akikisikia anauliza kiko wapi. Kuoa, acha utani. Kazi, niliomba likizo fupi Seoul nikaja nyumbani, na kama unavyojua bado niko likizo, mwaka wa tatu huu. Naishi na Mama, ingawa Mama angekwambia anaishi na mlango. Mtu wa kumpigia: sina simu.

Namba sijui. Sifuri ni ya mtu anayeumia, mimi siumii. Andika tatu, bosi wako asisumbuke.

Hapa hakuna jipya. Najua saa kwa kisu cha Mama huko chini mkahawani kwake. Shule yetu ile ng'ambo ya barabara, unakumbuka walivyoifunga kwa kukosa watoto? Sasa ni makao ya wazee. Asubuhi wanapigiwa muziki wa mazoezi, wanahesabu kwa sauti uwanjani. Mwalimu anawaambia "inueni mikono!" na nikichungulia kwenye pazia naona wanainua nusu.

Hongera kwa uchumba.

Gitae


Incheon, 3 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma kwenye treni, nikacheka pale kwa Mama na mlango, mzee mmoja akanitazama vibaya. Nimekuwekea tatu. Hukuniuliza yangu, lakini nakwambia: nane.

Mkutano wa wazazi wa pande mbili umepangwa katikati ya Desemba, hotelini Seoul. Mama Dohun ameshaweka meza. Mwambie Mama avae ile nguo ya kijivu, si ile ya zambarau. Wewe usijisumbue, Mama peke yake anatosha. Sisemi kwa ubaya, najua hupendi watu.

Jumapili tulienda kuangalia nyumba, mimi na Dohun. Sebuleni mna dirisha kubwa linalotazama dirisha la jirani. Dohun akaniuliza, "Umeipenda?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Umeipenda kweli?" Nikasema ndiyo tena. Nilikuwa nangoja nisikie kitu kifuani, nikaona pengine vitu hivyo vinakuja mtu akishahamia.

Boram


Taebaek, 24 Novemba 2023

Dada,

Samahani kwa doa hapo juu, ni supu. Nakula huku naandika.

Mama hajambo, wateja ni wengi. Anasema ule mkutano wa Desemba usogezwe mbele, ikiwezekana mpaka baada ya mwaka mpya. Anasema wasijisikie vibaya, ni kazi tu.

Theluji imeanguka mapema. Mimi niko chumbani kama kawaida.

Halafu kitu kimoja. Mifupa ya supu, Mama huwa anailoweka kwa muda gani kabla ya kuichemsha? Na yale majani makavu ya figili yanatolewaje uchungu? Nauliza tu. Niliota.

Gitae


Incheon, 1 Desemba 2023

Gitae,

Mifupa inalala kwenye maji usiku kucha, maji yanabadilishwa mpaka yasiwe mekundu. Majani yanachemshwa, yanamwagwa maji, yanachemshwa tena. Watu wengine wanaota bahari, wewe unaota majani ya figili.

Sasa nisikilize. Mama hapokei simu zangu. Ananitumia ujumbe wa maneno mawili matatu: niko salama, nina kazi, kula vizuri. Leo nimelazimika kumwambia Mama Dohun mkutano usogezwe. Alisema "hakuna shida mwanangu" akakata simu kabla sijashukuru. Mama yetu hajawahi kukosa harusi ya mtu, hata ya mpwa wa muuza makaa. Anakosaje kikao cha mtoto wake? Mimi najua sababu. Sababu ni wewe. Hawezi kulala nje hata siku moja kwa sababu nani atakuwekea sinia?

Miaka yote hii nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole kwa ajili yako. Redio inazimwa. Wateja wanaambiwa wacheke polepole. Mimi nikija nakaa kwenye korido kama mgonjwa anayesubiri daktari. Nimeomba kitu kimoja tu, siku moja ya Mama, na hata hiyo umeikalia.

Na ikitokea mtu wa upande wa Dohun akafika huko, tafadhali kaa chumbani kwako. Usishuke. Hilo si gumu kwako.

Boram


Taebaek, 12 Desemba 2023

Dada,

Jana simu ya mkahawa ililia. Ililia ikanyamaza, ikalia tena. Nikapokea. Usiniulize kwa nini nilikuwa mkahawani, nimeahidi kutosema.

Nikasema, "Haloo, mkahawa wa Mama Boram."

Akasema mama mmoja, sauti nzuri ya taratibu, "Habari za hapo mwanangu. Naomba Mama Boram. Mimi ni mama yake Dohun."

"Shikamoo mama. Ametoka kidogo. Nimpe ujumbe gani?"

"Marahaba. Nilitaka tu kumjulia hali, maana tumesikia ana kazi nyingi. Na wewe ni nani, mwenye heshima hivi?"

Ulisema nisishuke. Hukusema nisipokee simu. Nikamjibu, "Gitae. Mdogo wake Boram."

Nilisikia saa ya ukutani kwao. Halafu akasema, "Gitae yupi? Boram alikuwa na mdogo mmoja tu. Aliyefariki kwenye ajali ya gari."

Nilikuwa nimeshika upawa, supu inadondoka sakafuni. Nikamwambia, "Samahani mama, simu yetu mbovu. Nimesema Gisu. Mimi ni mfanyakazi wa hapa, nimeanza juzi juzi. Huyo marehemu simjui."

"Ah! Umenishtua mtoto wewe, mwili wote umenisisimka!" Akacheka, na mimi nikacheka kidogo kumsindikiza. Akaniambia nimweleze Mama asione vibaya kwamba upande wa bibi harusi hauna watu wengi. Wamepanga siku ya harusi wamwekee marehemu kiti, mstari wa mbele, na ua juu yake. Nikamwambia asante sana, familia itafurahi. Yaani nimeshukuru kwa niaba yangu.

Sijakasirika. Nilikaa juu ya gunia la viazi nikingojea hasira, haikuja. Nilijaribu hata kukunja ngumi. Nikawaza kwamba si uongo mkubwa sana. Kwani mtu akikuuliza ndugu yako anafanya nini, ungemjibuje? Analala. Anageuka. Analala.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, harusi yako iko salama. Mama hajui na sitamwambia.

Gitae


Hospitalini, Wonju, 22 Desemba 2023

Boram mwanangu,

Nesi amenipa karatasi. Kwenye simu unalia tu na mimi nashindwa kusema, bora niandike.

Ulikuja juzi ghafla, baada ya muuza makaa kukwambia niko hapa, ukasimama mlangoni mwa wodi na koti lako zuri, ukanitazama mguu, ukalia mpaka yule bibi wa kitanda cha pili akaniuliza kama nimekufa. Ukaondoka jioni ile ile. Gitae alikuwa amekwenda kufungua mkahawa, mmepishana barabarani. Kwa nini hukumngoja? Kwa nini hukufika nyumbani?

Ulinikaripia kwa nini sikukwambia nimevunjika nyonga. Nimwambie bibi harusi habari za nyonga? Ulikuwa na jambo lako la furaha, nikamwapisha Gitae anyamaze mpaka harusi ipite. Mimi ndiye niliyemfundisha uongo, usimlaumu.

Ila sikukusimulia ilivyokuwa, maana ulikuwa unalia. Nilitoka mlango wa nyuma na beseni la mifupa, barafu ikanipiga mweleka. Nikapiga kelele. Kisha nikakumbuka, nani atasikia? Kwa Mzee Ban wamehama, kwa mshona nguo wamehama, kwa dobi kumebaki paka. Nikapiga kelele tu kwa sababu ya maumivu. Ndipo nikasikia mlango wa juu unafunguliwa. Nikasikia miguu inashuka ngazi. Boram, miguu ile nilikuwa sijaisikia kwa miaka. Nikanyamaza kimya, nikauma kola ya koti langu, nisije nikamtisha akarudi.

Alikuja na soksi tupu kwenye theluji. Nywele mpaka hapa. Akaniambia, "Mama, shika shingo yangu." Akanibeba mgongoni mpaka barabara kubwa.

Tangu siku ile anafungua mkahawa yeye. Supu yake ina chumvi mno. Wazee wanakunywa maji mengi na hawasemi.

Jambo la mwisho. Anasema mama mkwe wako alipiga simu, wakaongea kidogo, ikakatika. Nilipomuuliza waliongea nini akawa anafuta meza hii ya kitandani kwangu ambayo ni safi. Wewe unajua ni nini. Sikuulizi. Lakini mimi nimezaa watoto wawili tu, na wote wawili wakinidanganya siku moja, nasikia.

Kula vizuri. Hilo koti ni jepesi mno.

Mama


Incheon, 9 Januari 2024

Gitae,

Sikufika nyumbani kwa sababu sikuwa na uso wa kukuonyesha. Nilifika mpaka stendi ya Wonju, basi la Taebaek likawasha injini mbele yangu, nikapanda la Seoul.

Jumapili nilikwenda kwa kina Dohun nikawaambia u hai.

Nataka ujue ilivyoanza, siombi unihurumie. Siku ya kwanza kula kwao, Mama Dohun aliniwekea samaki kwenye wali wangu akauliza, "Na mdogo wako anafanya kazi wapi?" Ningeweza kusema anatafuta kazi. Ningeweza kusema anasoma. Nikasema, "Alishafariki." Ilitoka kirahisi, kama imekaa mdomoni muda mrefu ikingoja kuulizwa. Wote wakaweka vijiti chini. Mama Dohun akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kama walinipenda, walinipenda kuanzia hapo. Kila nilipofikiria kukurudisha, niliuona ule mkono unaniachia.

Na ungerudishwa kwa ajili ya nani? Hukuwa unatoka. Nilijiambia hivyo.

Juzi nilipowaeleza, Mama Dohun aliinuka akaenda jikoni, akafungua maji ya bomba, hakurudi. Baba yake akatazama televisheni iliyozimwa. Dohun akanisindikiza mpaka chini, kwenye maegesho. Akaniambia, "Ndugu aliyejifungia chumbani ningeishi naye. Binamu yangu yuko hivyo hivyo, tangu amalize chuo. Ungeniuliza ningekwambia."

Nikasema, "Nilikuwa naogopa."

Akasema, "Najua. Lakini siku ya kumbukumbu ya kifo chake ulinipeleka mpaka mtoni, ukalia, nikakushikilia. Nataka kujua tu, Boram. Yale machozi ulikuwa unayatoa wapi?"

Hakupandisha sauti. Akanifungulia mlango wa teksi.

Kwa hiyo hakuna harusi. Si kwa sababu yako. Umenisikia? Mimi ndiye niliyefanya. Nilirudi nyumbani nikala tambi, nikalala, asubuhi nikaenda kazini. Kijana wa kwanza kumpigia alikuwa fundi wa lifti huko Busan. Nilipomaliza maswali akaniuliza, "Na wewe dada, wewe ni ngapi?" Haturuhusiwi kujibu. Ile nane niliyokuandikia ilikuwa uongo. Nilimwambia tano, na nikasikia nimeitamka kama wote wanavyoitamka.

Uliponiandikia kwamba ulishukuru kwa ajili ya kile kiti, nilisoma mstari ule nikiwa nimesimama sokoni mbele ya meza ya samaki. Muuzaji akaniuliza, "Unanunua au unasoma?" Nikanunua. Sijui kwa nini nakwambia hili.

Boram


Taebaek, 23 Januari 2024

Dada,

Barua yako ilinikuta nasuuza vyombo. Nimevunja bakuli. Mama akauliza limeponyoka? Nikasema ndiyo. Halikuponyoka.

Nimekasirika. Hatimaye. Nimekasirika mpaka masikio yanawaka, na sijui niweke wapi hasira hii, maana nimesahau watu wanaiweka wapi. Nani alikwambia unifufue? Nilikufa vizuri mimi, sikumsumbua mtu, nilikaa kwenye kiti changu na ua langu. Umepoteza mume mwenye kazi ya kudumu anayeosha vyombo, kwa ajili ya nini? Unadhani sasa tuko sawa? Hatuko sawa.

Na kwa nini ajali ya gari? Hata kuendesha sijui. Ungeniua kwa kitu kinachonifaa.

Ulikwenda kunililia kwenye mto gani? Nataka kujua. Maana nikikumbuka swali la Dohun, mimi jibu ninalo. Ulikuwa unanililia kweli, Dada. Kosa lako ulimwambia tu tarehe isiyo sahihi. Mimi pia, kama ningeweza kulia mwaka ule, ningejililia.

Basi. Sitaki kuandika tena habari hiyo.

Mama amerudi. Anatembea na kile kigari cha wazee, anapita kwenye kila sufuria na kijiko, anatema mate. "Chumvi! Unataka kuwaua?" Wateja wanafurahi kumsikia.

Nimepata kazi. Usishangilie. Msimamizi wa yale makao ya wazee, Bi Maeng, mama mfupi mwenye sauti ya filimbi, alikuja kunywa supu akaniona nabeba gunia. Akaniuliza, "Wewe hujafika sitini?" Nikasema bado. "Mikono yote miwili inafanya kazi?" Nikasema inafanya. "Njoo kesho asubuhi." Wafanyakazi wake wote wanakaribia kuwa wateja wake.

Nawaogesha wazee wa kiume, wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe. Darasa letu la pili sasa ndilo bafu. Migongo yao ina alama za bluu, vumbi la makaa lililoingia kwenye vidonda likabaki humo. Hawaniulizi nilisoma wapi. Wanasema "huku, huku, sugua huku." Mmoja anayeitwa Mzee Ok ananitukana tangu maji yanapofunguliwa mpaka taulo. Ananiita fisi wa barafu. Akimaliza ananipa pipi.

Sisemi nina furaha. Sijui ile inakuwaje. Ila nasikia njaa. Jana nilikula mabakuli mawili nimesimama, Mama akanitazama akaenda nyuma ya friji kujifanya anatafuta kitu.

Gitae


Incheon, 16 Februari 2024

Gitae,

Sikuja sikukuu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Nilimwambia Mama tiketi zimeisha. Hazikuwa zimeisha.

Utafiti umekamilika. Tumerudisha visikilizio, wamesema watatuita. Bosi alitugawia keki akasema ripoti ni nzuri, namba zimekaa kama alivyotarajia: wasio na mwenzi chini, wasio na kazi chini, wanaoishi peke yao chini. Nilisimama na kipande changu cha keki nikajiona nimo kwenye kila mstari.

Nilikuwa nimeshampa mwenye nyumba taarifa ya kuhama, kwa ajili ya Machi, na chumba amekwishampa mtu. Nimepata kingine, cha juu kwenye paa, mtaa wa tatu kutoka hapa. Natakiwa kutoka mwanzoni mwa mwezi. Sijafunga hata sanduku moja. Niko kitandani. Siumwi, usidhani naumwa. Naamka, natazama dari, nasema nikihesabu mpaka kumi nitainuka, nahesabu, halafu nabaki. Jana mtu wa vifurushi aligonga, nikakaa kimya mpaka akaondoka.

Nilikuwa nadhani hutaki kufungua. Nilidhani ni ukaidi. Kumbe mlango unakuwa mbali. Unauona, unajua kitasa kiko wapi, lakini uko mbali.

Usimwambie Mama. Nitakuwa sawa.

Boram


Taebaek, 27 Februari 2024

Dada,

Nimemwambia Mama. Nimemwambia yote, na la marehemu pia. Aliendelea kukata vitunguu, halafu akasema, "Wangemwekea ua gani?" Nikasema sikuuliza. Akasema, "Watoto wapumbavu, wote wawili." Kisha akashika kigari chake akaenda kutoa kabichi ya kimchi iliyochachuka kwenye chungu cha nyuma, kwenye barafu ile ile, nikamkimbilia tukagombana mlangoni.

Nakuja Jumamosi. Bi Maeng amenipa ruhusa kwa sharti nirudi, kasema nisiporudi atanifuata yeye na Mzee Ok. Nitapanda basi la alfajiri mpaka Seoul, halafu treni. Sijapanda basi tangu nilipoanza ile likizo yangu. Nilikwenda stendi juzi kujaribu, nikasimama karibu na basi mpaka dereva akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nitapanda. Pengine nitatapika, lakini nitapanda.

Usifunge masanduku, nitafunga mimi. Usipike, nina ndoo ya kimchi na supu iliyogandishwa, Mama ameionja, chumvi iko sawa. Siji kukutoa wala kukufundisha maisha. Nakuja kubeba vitu. Ukitaka kubaki kitandani baki, nitakibeba kitanda mwishoni. Tukimaliza, kama hujapenda chumba cha paa, basi la kurudi Taebaek lina viti vingi vitupu, na Bi Maeng ananiuliza kila siku kama sina ndugu wa kike mwenye mikono miwili.

Najua huwezi kuja stendi. Sihitaji kupokelewa, anwani ninayo kwenye bahasha. Lakini kuna kitu kimoja siwezi kukufanyia. Mama anasema lango la chini la nyumba yenu halifunguliwi kwa mgeni mpaka mpangaji ampigie mwenye nyumba kwanza. Basi mpigie. Mwambie Jumamosi kuna kijana atakuja. Atakuuliza ni nani wako. Mwambie ni mdogo wako wa kuzaliwa. Na uliseme kwa nguvu, Dada, maana nasikia yule mzee mwenye nyumba ana shida ya masikio, na asiposikia vizuri mara ya kwanza itabidi uliseme tena.

Mdogo wako,
Gitae